Babu alikuja na treni ambayo haikuwepo

Kwenye arobaini ya babu, watu washakula pilau na birika la chai linazunguka, baba mdogo alisimama kutoa historia ya marehemu. Akasema babu alizaliwa Kasulu, akachukuliwa na Silabu, ile ofisi ya kuandikisha vibarua wa mkonge, akiwa kijana hata ndevu hazijakaa sawa, akapanda treni Kigoma akashuka Korogwe, akakata mkonge, akaoa, akatuzaa sisi, basi. Watu wakaitikia, na mimi nikaitikia. Hiyo habari ya treni nilikuwa nimeisikia tangu niko mdogo, ni kama zile habari za nyumbani ambazo hakuna anayezichunguza, sawa na ile ya bibi kumfukuza chui kwa mwiko.

Hiyo ilikuwa 2010. Ilipita miaka mitatu ndo nikaja kugundua kuwa treni hiyo haikuwepo.

Sasa ngoja nieleze kwa nini naandika haya. Kila mwaka ikikaribia mwezi wa kumi na moja naanza kupokea meseji za wadogo zangu walioko chuo, "dada naomba topiki ya historia ambayo ni rahisi", na mi huwa nawajibu kwa swali, kwenu wapi? Wengi wananitajia jina la hosteli. Namaanisha kwenu kwenu, alikozikwa bibi yako. Hapo ndo wanakaa kimya, wanaona nawakwepa, kumbe mi najaribu kuwaonyesha mlango nilioingilia mimi mwenyewe baada ya kugonga ukuta miezi miwili.

Topiki yangu ya kwanza ya utafiti wa chuo ilikuwa hivi, naikumbuka neno kwa neno: "Athari za kilimo cha mkonge katika uchumi wa Tanganyika, 1893 hadi 1967". Niliiona ni nzito, ina hadhi, ina mwaka wa kuanzia na mwaka wa kuishia. 1893 kwa sababu ndo mwaka ambao yule Mjerumani, Richard Hindorf, alileta miche ya mkonge kutoka Florida, aliagiza elfu moja na iliyofika Pangani ikiwa hai ni 62 tu, na hiyo 62 ndo mama wa mashamba yote yale unayoyaona ukipita na basi kutoka Segera. 1967 kwa sababu ya Azimio la Arusha na kutaifishwa. Supavaiza wangu akaisoma dakika moja hivi, akavua miwani, akasema, "Binti, hii ni shelfu nzima. We unataka kuandika kitabu kipi kati ya hivyo?" Nikaenda nikairekebisha. Nilivyoirekebisha ni kwamba nilitoa neno Tanganyika nikaweka Tanga. Akairudisha tena, safari hii hata miwani hakuvua.

Kusema kweli sikuwa mjinga peke yangu. Darasani kwetu nusu ya topiki zilianza na "Athari za" na nusu iliyobaki zilianza na "Mchango wa". Hiyo ndo kilema chetu. Ukianza na "athari za" umeshajua jibu kabla hujatoka kitandani, utaandika athari chanya tano, hasi tano, hitimisho, na mapendekezo kwa serikali, utafikiri kuna waziri amekaa anasubiri mapendekezo yako kuhusu mwaka 1893. Na pale jirani na geti kulikuwa na steshenari inauza proposo (mipango ya utafiti) zilizokwisha tayari, unabadilishiwa jina na wilaya tu, jamaa yetu mmoja alinunua ya Kilosa akaipeleka, ukurasa wa kumi na nne bado imeandikwa "wakazi wa Rombo". Tulicheka sana lakini mi moyoni nilijua yangu haina tofauti, ila tu niliitunga mwenyewe.

Mara ya tatu supavaiza hakuandika chochote kwenye karatasi. Aliniuliza, "Kuna kitu chochote kuhusu mkonge ambacho hukielewi? Kimoja tu. Kidogo." Nikamwambia sijui, babu yangu alikuwa manamba, kibarua wa kuandikishwa. Akauliza wa kutoka wapi, nikasema Kasulu. Alifikaje Tanga? Nikasema na treni mpaka Korogwe. Akatulia. "Mwaka gani?" Nikasema sijui, kabla ya uhuru. Akachukua chaki (alikuwa na tabia ya kuchora ubaoni hata ofisini), akachora mstari mmoja kutoka Kigoma, Tabora, Dodoma, Morogoro mpaka Dar. Akachora mwingine juu, Tanga, Korogwe, Mombo mpaka Moshi. Akaacha nafasi katikati. Akaniambia nenda kaangalie hiyo nafasi imezibwa lini.

Nilienda kuangalia. Reli ya Kati na reli ya Tanga zilijengwa kila moja kivyake tangu enzi za Wajerumani, na hazikuwahi kukutana mpaka 1963 ilipofunguliwa njia ya Ruvu mpaka Mnyusi, karibu kilomita 190. Kabla ya hapo hakuna treni iliyotoka Kigoma ikafika Korogwe. Haiwezekani. Babu kwa mahesabu ya nyumbani alifika mkongeni zaidi ya miaka minane kabla ya hiyo reli, maana shangazi mkubwa alizaliwa hukohuko Korogwe na yeye mwaka wa uhuru alishaanza kupelekwa shule.

Nilikaa pale maktaba nikajisikia vibaya, yaani kama vile nimemfumania babu anadanganya na ameshafariki hawezi kujitetea. Alafu baada ya muda nikajisikia vizuri ajabu. Maana kwa mara ya kwanza nilikuwa na swali ambalo jibu lake silijui.

Kuanzia hapo mambo yakaanza kujipanga yenyewe. Swali likawa: manamba waliotoka Kigoma walifikaje Korogwe, na nini kiliwapata njiani? Miaka nayo haikunisumbua tena, 1944 hadi 1963. 1944 ndo wenye mashamba ya mkonge walianzisha ile ofisi yao ya kuandikisha vibarua, kwa Kiingereza kirefu lakini watu wakaikata wakaiita Silabu, na 1963 ndo reli zikaunganishwa. Kila mwaka una sababu ya kuwepo hapo. Supavaiza aliniambia mpaka wa miaka ni kama mpaka wa shamba, jirani akikuuliza kwa nini umeishia hapa lazima uwe na jiwe la kumwonyesha. Hilo jiwe mi sikuwa nalo kwenye 1893, nilikuwa na tarehe tu.

Na Kigoma pia ilikuwa na sababu yake. Buha, yaani kwa Waha kule Kigoma, kwa muda mrefu haikuwa na zao la biashara la maana, na kodi inadaiwa kwa pesa taslimu, sasa kijana wa Kasulu pesa ataitoa wapi? Anakwenda kuitafuta mashambani kwa watu. Mkoloni hakuwa na haraka ya kubadilisha hali hiyo. Ndo maana ukienda leo Korogwe, Muheza, mpaka kule Pangani, utakuta koo za Waha, Wabena, Wangoni, Wamakonde, wote walikuja na namba. Manamba maana yake ndo hiyo, kila aliyeandikishwa alipewa namba yake. Watu siku hizi wanalitumia hili neno kama tusi la mtu wa hovyo, sijui kama wanajua linatoka wapi.

Proposo haikuandikwa hapo hapo lakini. Na hapa ndo napogombana na wadogo zangu, maana wao wanataka waandike proposo kwanza alafu ndo watafute vyanzo. Mi nasema kinyume, nenda kachungulie kwanza. Nilienda Nyaraka za Taifa, pale Upanga, siku tatu kabla hata sijaandika sentensi moja. Ukifika kuna fomu, kuna barua ya chuo (ya kwangu ilikaa wiki tatu kwenye ofisi moja ambayo siitaji, ikisubiri muhuri wa mtu aliyekuwa likizo), kalamu ya wino hairuhusiwi unaandika kwa penseli, unajaza namba ya faili unasubiri, likija limefungwa kamba na lina ile harufu ya karatasi ambayo haijaguswa siku nyingi. Siku ya kwanza nilisoma kila kitu. Kila kitu kabisa, mpaka barua za kulalamikia paa la nyumba ya bwana shauri. Siku ya pili nikajifunza kusoma kama mtu anayetafuta ufunguo, unapita haraka, ukiona neno "transit" au "lorry" unasimama.

Nilichokigundua ni kwamba faili zinajua sana idadi na hazijui kabisa watu. Waliokuja mwezi huu, waliorudi kwao, watoro, waliokufa. Safu kwa safu. Nilitafuta jina la babu siku nzima kama mwendawazimu, na ni upuuzi kwa sababu hata ningelipata nisingejua kama ndo yeye, lakini nilitafuta. Halikuwepo. Yalikuwepo majumlisho.

Na kingine, faili zina mashimo. Idara ya Kazi ya Tanganyika iliundwa 1926, kamishna wa kwanza akiwa Orde-Browne, alafu 1931 uchumi wa dunia ulipoanguka wakaifuta kubana matumizi, ikarudi mwishoni mwa miaka hiyo ya thelathini. Kwa hiyo mtu akitaka kuandika juu ya vibarua wa mwaka 1934 atajikuta anahangaika, na sio kwa sababu mwaka huo vibarua walikuwa na raha, ni kwamba hakukuwa na karani maalumu wa kuandika shida zao. Hili lilinifungua macho. Kwangu haikuwa tatizo kubwa kwani mi nilianzia 1944, ila nusura nianzie 1930 kwa sababu tu ni namba iliyokaa vizuri.

Magazeti nayo nilichungulia. Mambo Leo, lile la serikali la Kiswahili lililoanza 1923, lina barua za wasomaji ambazo ukizisoma unasikia kabisa mtu anaongea, ila ujue ni gazeti la serikali, hawawezi kuchapa kila kitu. Nilijiwekea daftari lenye safu tatu, nani ameandika, alikuwa anamwandikia nani, na nini hawezi kukisema. Safu ya tatu ndo ilikuwa inajaa taratibu kuliko zote na ndo ilinipa maksi.

Hapo nikajua karatasi hazitanipa njiani. Zinanipa kuondoka na kufika. Njiani lazima niwaulize waliopita.

Kuna kitu kilichonitia moyo sana na nashangaa hatufundishwi zaidi. Mwaka 1968, pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikiwa bado ni koleji ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, wanafunzi wa digrii ya kwanza, sio maprofesa, wanafunzi kama mimi na wewe, walirudi makwao kusini kuwauliza wazee habari za Maji Maji. John Iliffe alikuwa anawasimamia, na Gilbert Gwassa alikuwa tayari anachimba habari za Umatumbi. Piga hesabu, mtu aliyekuwa na miaka 12 vita inaanza 1905, mwaka 1968 ana 75. Walimuwahi. Wakarudi na masimulizi ambayo hayapo kwenye ripoti yoyote ya Mjerumani, na ikaonekana kwamba kila sehemu iliingia vitani na sababu zake, wengine pamba, wengine maji yenyewe, wengine ugomvi wao wa zamani. Kazi zile mpaka leo wanahistoria wakubwa wanazitumia. Zilifanywa na vijana wenye lugha ya nyumbani na mjomba wa kumfikia.

Nikapiga hesabu yangu. Kijana aliyechukuliwa na Silabu 1953 akiwa na miaka 18, mwaka 2013 ana 78. Bado wapo, lakini sio wengi na sio kwa muda mrefu. Ratiba yangu yote niliipanga kwa kuanzia hapo, wazee kwanza, faili baadaye, maana faili litanisubiri.

Nilikuwa nimeandika nitahoji watu 40. Supavaiza akacheka mpaka akakohoa. Alinipigia hesabu mbele yangu, saa moja ya mazungumzo inachukua saa tano au sita kuiandika neno kwa neno kama unasikiliza kwa simu na kurudisha nyuma, mara 40, uko peke yako, unasoma masomo mengine manne, na bumu lako, ile pesa ya kujikimu chuoni, linaisha tarehe kumi. Tukashuka mpaka wanane. Niliwapata saba. Pesa niliigawa hivi, nauli, vocha, daftari na betri, na fungu moja la sukari na majani ya chai maana huendi kwa mzee mikono mitupu, hiyo haipo kwenye fomu ya bajeti ya chuo, nikaiandika "mengineyo". Kulala nililala kwa shangazi, na nasema wazi kama nisingekuwa na shangazi Korogwe hii risechi isingefanyika.

Mzee wa kwanza alikuwa rafiki wa babu, Mha mwenzake, walikaa laini moja (safu moja ya nyumba) kambini. Nilimkuta amekaa chini ya mwembe anachonga mpini. Shikamoo babu. "Marahaba mchumba wangu, umechelewa kuja kunioa." Tukacheka, nikaletewa kigoda, nikawasha kinasa sauti cha simu baada ya kumuomba, nikafungua dodoso langu lenye maswali 32 yaliyopitishwa na chuo. Swali la kwanza: "Je, mlikabiliwa na changamoto zipi za kiuchumi na kijamii wakati wa safari?"

Akanitazama. Akamtazama shangazi. "Changamoto ndo nini?"

Nikamfafanulia. Akasema, aa, hamna, hatukuwa nazo hizo. Swali la pili hivyo hivyo, la tatu hivyo hivyo, hamna, hatukuwa nazo, ilikuwa vizuri tu. Dakika kumi na maswali tisa yameisha, na kwa mujibu wa data zangu ukoloni ulikuwa pikniki. Shangazi ndo aliniokoa, alikuwa anapepeta mchele pembeni wala hakuinua kichwa, akauliza tu, "Njiani mlikuwa mnakula nini?"

Mzee akaweka mpini chini. Akaongea dakika arobaini. Unga, maharage, jinsi walivyopikia kwenye debe, jinsi waliotoka mbali zaidi walivyokuwa hawajui kula chakula cha pale wakaumwa matumbo, jinsi alivyolala na kilemba amekifunga mguuni kisiibiwe, kijana mmoja kutoka kijiji cha pili aliyeshuka kwenda haja na hakurudi, mpaka leo hawajui kama alitoroka au aliliwa na kitu. Hilo dodoso sikuligusa tena. Usiku ule kwa shangazi nikaandika maswali mapya sita kwenye nyuma ya risiti, na yote yalikuwa ya vitu vya kushika, mlivaa nini, mlilala wapi, nani alikuwa anawahesabu, mlibeba nini kutoka nyumbani.

Na tarehe usiulize tarehe. Muulize mzee "mwaka gani" atakutajia mwaka wa kukufurahisha. Tulipanga miaka kwa mambo, King George alikuwa ameshakufa? (hiyo ni 1952.) TANU ilikuwa imekuja? Alikuja kabla, lakini kadi aliikata mwaka ule ule alipomaliza mkataba. Basi tunajua tuko wapi.

Kipande chake, yaani kadi yake ya kazi, alikuwa anacho. Kiko ndani ya kopo la kahawa pamoja na hati ya kiwanja na picha ya mkewe. Kikadi kimechakaa kwenye mikunjo, kina vijumba 30, kila siku ukimaliza kazi uliyopimiwa kijumba kinatiwa alama, usipomaliza mizigo yako au ukiumwa hamna alama, na mshahara hauji mpaka vijumba vyote vijae. Kwa hiyo mwezi wa mkonge sio mwezi wa kalenda, alivyosema yeye, "mwezi wetu ulikuwa unanyooka kama mpira". Nimesoma vitabu kadhaa juu ya mfumo wa vipande na hakuna kilichonielewesha kama hicho kikadi, hasa vile vijumba viwili vya chini ambavyo havina alama. Nikamuuliza hivi je? Akasema hiyo ni wiki aliyopata habari mama yake amefariki Kasulu. Hakuenda, angeendaje. Hakufanya kazi tu. Sikuuliza zaidi na yeye hakuongeza.

Sasa treni. Nililiacha mpaka siku ya pili, nikiogopa kidogo. Nikasema babu, nyumbani wanasema mlikuja na treni mpaka hapa. Akasema nani? Nikamtaja baba mdogo. Akacheka. "Sisi tulikuja na gari."

Gari gani babu?

"Gari. Tulipanda gari Kigoma, siku nyingi, tukashuka Morogoro usiku. Tukapanda gari. Tukapita Handeni, vumbi mpaka kwenye meno."

Ikabidi nimrudishe, gari la kwanza na gari la pili ni aina moja? Akanitazama kama mtu anayemwonea huruma mwanafunzi. La kwanza la moshi, la pili la matairi, sasa kwani hapo kuna la kuuliza?

Yaani kumbe babu hakuwahi kudanganya. Alikuwa anasema gari, gari, kama watu wa umri wake wanavyosema, na baba mdogo aliyezaliwa na kukua anasikia honi ya treni stesheni ya Korogwe akasikia gari la moshi, akatafsiri, akatia "treni", na sisi tukaimeza na pilau juu. Kwenye sura ya tatu nilitumia kurasa nne nzima kwa neno gari peke yake. Supavaiza aliandika pembeni kwa penseli, "hapa ndo umefanya historia", na hilo karatasi bado ninalo.

Sio kila kitu kilienda sawa. Ilikuwa mwezi wa tatu, masika yanaanza, na mimi katika kupanga kwangu kote sikuwahi kufikiria mabati. Mzee mwingine, mtu aliyewahi kuwa mnyapara na ndo pekee angeniambia upande wa pili, nilimrekodi dakika hamsini ndani kwake mvua inanyesha. Nilipokuja kusikiliza ni mvua tupu. Ukisikiliza sana unasikia "...wakorofi..." na "...bwana mkubwa akasema...", basi. Nilirudi wiki iliyofuata akawa ameenda Tanga kwa mwanae, na sikumpata tena. Kwa hiyo kazi yangu ina vibarua tu, haina mnyapara, na nililiandika hilo wazi kwenye sura ya kwanza badala ya kulificha, mtahini mmoja aliniuliza kuhusu hilo na nikawa na la kujibu. Mwenye mpango wa kwenda fildi atazame na mvua basi, sio kalenda ya chuo peke yake.

Kuna jingine la kuchekesha. 2021 nilimpa mdogo wangu zile rekodi na madaftari anichapie vizuri kwenye kompyuta ili nizihifadhi. Akanipigia simu usiku, dada, huyu babu anasema alifanya kazi korona miaka sita, mbona unasema ni ya 1953? Alikuwa ameanza hata kuandika kwa mabano kwamba msimulizi amechanganyikiwa. Korona ni mashine ya kuchakata mkonge, jani linaingia huku singa zinatoka kule, na kila aliyekulia mkongeni anajua korona tangu hajaanza kutambaa. Nikashukuru kwamba aliuliza. Mwingine angeifuta.

Kazi ilipoisha, ikasahihishwa, ikatiwa jalada jeusi lenye maandishi ya dhahabu, nilitoa kopi ya ziada nikampelekea yule mzee wa kwanza. Hilo lilikuwa kwenye mpango tangu mwanzo, niliandika kwenye ile "mengineyo". Hasomi Kiingereza, na kazi iko kwa Kiingereza, kwa hiyo nilikaa chini ya mwembe nikamtafsiria sura ya tatu mstari kwa mstari. Alisikiliza vizuri. Kwenye habari ya debe akacheka. Kwenye habari ya yule kijana ambaye hakurudi akatikisa kichwa.

Alafu akaniuliza, mimi niko wapi humu? Nikamwonyesha kwa kidole, hapa babu, na hapa, na hapa. Kote kumeandikwa "Msimulizi Na. 4". Ndo utaratibu, majina hayatajwi, nilimweleza mwanzo na alikubali, na ni utaratibu mzuri. Nikamsomea, msimulizi namba nne anasema hivi, msimulizi namba nne anakumbuka vile.

"Namba nne," akasema.

Ndiyo babu.

"Kwa hiyo na wewe umenipa namba."

Hakukasirika, alikuwa anacheka kabisa, alimwita mkewe aje asikie. Mimi ndo nilikosa pa kuweka uso. Miezi minane nimesoma manamba, nimeandika aya nzima juu ya maana ya kumgeuza mtu kuwa namba, na hilo halikunijia hata mara moja wakati natengeneza lile jedwali la wasimulizi.

Nikatoa kalamu nikamwambia niandikie jina lako babu, kwenye kopi hii yako. Akauliza lipi. Maana lipo lile ambalo karani wa Silabu alilisikia vibaya akaliandika hivyo hivyo, na ndo liko kwenye kipande na kwenye kitambulisho mpaka leo, na lipo lile alilopewa na baba yake. Nikasema unalotaka wewe. Akalitaja la Kasulu, akanirudishia mara tatu mpaka nikalipatia, herufi kwa herufi, alafu akachukua kopi akaenda kuiweka ndani kwenye sanduku. Hapa siliandiki, sikumuomba ruhusa hiyo.